Uchambuzi: Nani huhesabiwa kuwa bingwa wa anga? Historia ya marubani wa kivita wa Marekani na swali la droni

Droni zinazotunguliwa Mashariki ya Kati zimefufua mjadala wa zaidi ya miaka 100: ushindi wa angani hupimwaje, na nani hupewa jina lake?

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili mwaka 2024, ndege za kivita za Marekani aina ya F-15E zilipaa katika anga la Mashariki ya Kati kukabili wimbi la droni na makombora zaidi ya 300 yaliyorushwa na Iran kuelekea Israel. Ndani ya moja ya ndege hizo walikuwamo rubani, Meja Benjamin Coffey, na afisa wa silaha aliyeketi nyuma yake, Kapteni Lacie Hester. Makombora yao yakaisha huku droni zikiendelea kupita chini yao gizani. Coffey akajaribu kuitungua moja kwa mzinga wa ndege. Ilimlazimu ashuke mno kuelekea ardhi asiyoiona. Alikosa, na akaamua kutorudia, kwa kuwa hatari ilikuwa imezidi faida.

Mwezi Novemba mwaka huo wote wawili walivikwa nishani ya Nyota ya Fedha, na Hester akawa mwanamke wa kwanza wa Jeshi la Anga la Marekani kuipata. Kamandi ya jeshi la Marekani katika eneo hilo ilitangaza kuwa vikosi vyake viliangusha zaidi ya droni 80 usiku ule, pamoja na makombora ya masafa yasiyopungua sita.

Idadi hiyo ndiyo iliyozusha swali. Kwa desturi ya karne nzima, rubani aliyetungua ndege tano za adui huitwa bingwa wa anga. Mmarekani wa mwisho kuifikia idadi hiyo dhidi ya ndege zenye marubani aliifikia mwaka 1972 nchini Vietnam. Sasa wako marubani waliotungua droni tano, sita au zaidi. Kapteni Earl Ehrhart wa Kikosi cha Wanamaji, aliyerusha ndege ya Harrier kutoka kwenye meli katika Bahari ya Shamu, alitajwa na vyombo vya habari mwaka 2024 kuwa ametungua droni saba za Wahouthi. Je, naye ni bingwa? Au jina hilo ni la yule tu aliyepambana na binadamu mwenzake, ambaye naye alikuwa na uwezo wa kumwua?

Msomaji anaweza kuudhani mjadala huu kuwa wa majina na nishani tu. Lakini ukifuatilia jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, utaona kwamba kila mara imebeba maamuzi mazito: nani anastahili kukumbukwa, kazi ya nani haionekani, na dola inataka wananchi wake waamini nini kuhusu vita.

Tano, na maputo

Jina lenyewe lilianzia Ufaransa. Mwaka 1915 magazeti ya huko yalimpa rubani Adolphe Pégoud sifa iliyotokana na karata ya juu kabisa katika mchezo wa karata, kwa kuwa alikuwa ameshinda mara kadhaa angani. Baadaye idadi ya tano ikakubalika kuwa kipimo. Waingereza, ambao makamanda wao hawakupenda kumtukuza mtu mmoja mbele ya kikosi, walisita kulitumia rasmi. Wamarekani walilipokea kwa mikono miwili.

Katika vita vile vya mitaro, ambamo maelfu ya askari walikufa kwa ajili ya mita chache za matope, umma ulihitaji sura za watu, na rubani alikuwa na sura. Eddie Rickenbacker, aliyekuwa dereva maarufu wa mashindano ya magari kabla ya vita, alimaliza mwaka 1918 akiwa na ushindi 26, idadi kubwa kuliko ya Mmarekani mwingine yeyote wa vita hivyo. Raoul Lufbery, aliyefundisha wengi mbinu za kupigana angani, alifikisha 16 kabla ya kufa mwezi Mei mwaka huo.

Lakini aliye na fundisho zaidi kwa mjadala wa leo ni Frank Luke, kijana kutoka Arizona. Kati ya ushindi wake 18, 14 ulikuwa wa maputo. Puto halikuwa na injini wala silaha ya kurusha angani. Lilifungwa kwa kamba juu ya uwanja wa vita, na ndani ya kikapu chake aliketi mwangalizi aliyeelekeza mizinga. Hata hivyo kulishambulia kulihesabiwa miongoni mwa kazi za hatari kabisa, kwa sababu lilizungukwa na mizinga iliyokwisha kupima urefu wake. Luke alikufa tarehe 29 Septemba 1918 karibu na kijiji cha Murvaux nchini Ufaransa, baada ya kuchoma maputo matatu katika safari moja. Alikuwa na umri wa miaka 21. Alikuwa rubani wa kwanza wa Marekani kutunukiwa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote nchini humo.

Wanaosema kwamba droni haistahili kuhesabiwa kwa kuwa haina rubani, basi, wanapaswa kukumbuka kwamba tangu siku ya kwanza hesabu ya Marekani ilikubali shabaha isiyoweza kukimbia. Kilichopimwa ni umuhimu wa shabaha na hatari aliyoikabili mshambuliaji. Jeshi la Anga lenyewe halijalisahau jambo hilo. Tarehe 4 Februari 2023, ndege ya F-22 ilipotungua puto la Kichina nje ya pwani ya South Carolina, jina la mawasiliano la rubani huyo lilikuwa FRANK01, kwa heshima ya Frank Luke.

Walioachwa nje ya hesabu

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Katika historia hii wako waliokuwapo, na bado lao halikuwapo.

Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Columbus, jimbo la Georgia, mwaka 1895, alipigana katika jeshi la Ufaransa, akajeruhiwa vitani Verdun, kisha akapata leseni ya urubani mwaka 1917 na kurusha ndege za kivita. Marekani ilipoingia vitani na kuwachukua marubani wake waliokuwa wakitumikia Ufaransa, Bullard hakuchukuliwa. Baada ya kurejea kwao, siku za uzee wake alikuwa mwendesha lifti katika majengo ya Rockefeller Center mjini New York. Alifariki mwaka 1961. Cheo cha afisa wa Jeshi la Anga alipewa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kuzikwa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi weusi waliofunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama, walirusha ndege katika vikosi vilivyotengwa kwa rangi. Walipewa ushindi 112 angani. Tarehe 24 Machi 1945, walipokuwa wakisindikiza ndege za mabomu hadi Berlin, watatu kati yao, Roscoe Brown, Charles Brantley na Earl Lane, kila mmoja alitungua ndege ya Kijerumani aina ya Me 262, iliyokuwa ya jeti na yenye kasi kuliko ndege zao za pangaboi. Lakini kwa kumbukumbu rasmi, hakuna hata mmoja wa Tuskegee aliyefikisha tano. Lee Archer, mmoja wa waliokaribia zaidi, ana ushindi nne.

Sababu moja ni wajibu waliopewa, nayo inastahili kuelezwa. Kazi yao ilikuwa kubaki karibu na ndege za mabomu, si kuzikimbilia ndege za adui hadi mbali. Rubani anayefukuza adui hujiongezea hesabu, na anayebaki kulinda huokoa watu kumi walio ndani ya kila ndege ya mabomu. Hesabu ya mabingwa humwona wa kwanza na haimwoni wa pili. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba hawakupoteza ndege hata moja waliyoisindikiza. Wanahistoria wa jeshi wameonyesha kwamba masimulizi hayo si sahihi, ingawa kumbukumbu hizo hizo zinaonyesha kuwa walipoteza chache kuliko wastani wa vikosi vingine. Ukweli huo unawatosha kwa heshima, wala hauhitaji chumvi.

Mwaka 1949, katika mashindano ya shabaha ya Jeshi la Anga yaliyofanyika Las Vegas, timu ya kikosi chao ilishinda daraja la ndege za pangaboi. Kwa miongo kadhaa kitabu cha kumbukumbu kilimtaja mshindi wa mwaka huo kuwa hajulikani, na kikombe chenyewe kilikuja kupatikana ghalani mwaka 2004.

Mambo haya si ya kale tu. Mwezi Januari mwaka 2025, baada ya serikali mpya mjini Washington kuamuru programu za usawa na ujumuishaji zifutwe, video inayowahusu marubani wa Tuskegee iliondolewa katika masomo ya askari wapya wa Jeshi la Anga. Malalamiko yalizuka, na ikarudishwa baada ya siku chache. Kwa wale wanaodhani kwamba historia ikiandikwa imeandikwa, siku hizo chache ni onyo.

Kwa nini Mjerumani ana 352 na Mmarekani 40

Msomaji wa historia ya anga hukutana mapema na takwimu inayomshangaza. Richard Bong, kijana wa shamba kutoka Poplar, jimbo la Wisconsin, ndiye bingwa wa mabingwa wa Marekani. Alitungua ndege 40 za Japani akirusha P-38. Mjerumani Erich Hartmann anahesabiwa kuwa na 352. Je, Mjerumani alikuwa hodari mara tisa?

Jibu liko katika mfumo. Ujerumani iliwaacha marubani wake vitani hadi wafe, watekwe au vita viishe. Hartmann aliruka vitani zaidi ya mara 1,400, nyingi zikiwa upande wa mashariki ambako shabaha zilikuwa tele. Marekani ilimpangia rubani muda wake, kisha ikamrudisha nyumbani. Bong alipofikisha 40 mwishoni mwa mwaka 1944, makamanda wake walimwondoa vitani. Wengi wa waliorudishwa walipelekwa kufundisha, na mbinu zilizonunuliwa kwa damu zikafika kwa maelfu ya wanafunzi.

Japani nayo ilianza vita ikiwa na marubani stadi mno, lakini wachache, na haikuwa na utaratibu wa kuwapumzisha. Kufikia mwaka 1944 wengi wao walikuwa wamekufa, mafuta ya kufundishia yalikuwa haba, na vijana walipelekwa vitani kabla ya kuiva. Ndiyo maana tarehe 24 Oktoba 1944 rubani wa Jeshi la Majini David McCampbell aliweza kutungua ndege tisa katika safari moja, akisaidiwa na mwenzake Roy Rushing aliyetungua sita, kisha akatua akiwa na mafuta ya kubahatisha. Ustadi wake haukanushiki. Lakini nyuma ya safari ile ya saa chache kulikuwa na viwanda, meli za mafuta, walimu na mafundi wa nchi nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata ndege iliyosifiwa kuliko zote barani Ulaya, P-51 Mustang, haikugeuza vita kwa wepesi wake pekee. Ilikuwa na uwezo wa kwenda Berlin na kurudi, kwa sababu ilibeba mafuta mengi tumboni na katika matangi ya ziada yaliyodondoshwa njiani. Mapema mwaka 1944 Jenerali James Doolittle aliwaruhusu marubani wake kuacha kuganda karibu na ndege za mabomu na kuwawinda Wajerumani popote walipo. Miezi michache baadaye, majeshi ya washirika yaliposhuka pwani ya Normandy, ndege za Ujerumani zilionekana kwa nadra. Kwa maneno mengine, wingi wa mabingwa wa mwaka ule ulitokana na amri pamoja na matangi ya mafuta kama ulivyotokana na ushujaa.

Bong mwenyewe hakuuona mwisho wa vita. Alikufa tarehe 6 Agosti 1945 huko California akiijaribu ndege mpya ya jeti, siku ile ile bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima. Mabaki ya ndege aliyoiita Marge, kwa jina la mchumba wake, yalitambuliwa Papua New Guinea mwezi Mei mwaka 2024. Siku ilipoanguka mwaka 1944, aliyekuwa akiirusha ni rubani mwingine.

Korea na Vietnam: hesabu yaingia mashakani

Tarehe 8 Novemba 1950, juu ya mpaka wa Korea na China, jeti zilipigana na jeti kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu iliyofuata ilizaa mabingwa 40 wa Marekani, wengi wao wakirusha F-86 Sabre dhidi ya MiG-15. Joseph McConnell aliongoza akiwa na 16.

Wakati wa vita, Marekani ilitangaza kwamba ilitungua zaidi ya MiG kumi kwa kila Sabre iliyopotea. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, hati zilifunguliwa na watafiti wakalinganisha hesabu za pande mbili. Uwiano ulishuka sana, hasa katika mapambano ambamo ndani ya MiG walikuwamo marubani wa Kisovieti waliokuwa wakongwe wa vita vilivyotangulia. Pande zote zilitia chumvi, na si lazima kwa hila. Ndege yenye kasi ile, ikitoa moshi na kupinda kuelekea chini, huonekana imekufa kumbe inarudi nyumbani.

Lakini palikuwapo pia usiri wa makusudi. Moscow haikutaka kukiri kuwa watu wake walikuwa wakipigana Korea, na Washington haikutaka kulifichua hilo, isije ikalazimika kupanua vita. Tarehe 18 Novemba 1952 rubani wa Jeshi la Majini Royce Williams alitungua MiG nne za Kisovieti katika pambano moja juu ya bahari. Aliamriwa anyamaze, na alinyamaza kwa miongo mitano hata kwa mkewe. Nishani ya Msalaba wa Jeshi la Majini alivikwa mwezi Januari mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 97.

Vietnam ilileta fedheha ya aina nyingine. Wapangaji wa Marekani walikuwa wameamini kwamba kombora limeufuta mzinga, hivyo ndege yao kuu, F-4 Phantom, ikaundwa bila mzinga. Makombora yakashindwa mara nyingi kuliko yalivyofaulu. Marubani walikuwa wamefunzwa kutungua ndege kubwa za mabomu, si kupigana kwa karibu na MiG ndogo nyepesi. Uwiano ulishuka hadi kama mbili kwa moja. Vietnam Kaskazini ilipata mabingwa wengi kuliko Marekani. Nguyen Van Coc pekee anahesabiwa kuwa na ushindi tisa.

Jeshi la Majini lilijiuliza kwa nini, likaandika ripoti isiyojisifu, na mwezi Machi mwaka 1969 likafungua shule ya Miramar, California, ambayo dunia inaijua kwa jina la Top Gun. Waalimu waliigiza mbinu za adui na kuwashinda wanafunzi hadi wajifunze. Matokeo yalionekana mwaka 1972, uwiano wa Jeshi la Majini ulipopanda mara kadhaa. Mwaka huo Wamarekani watano tu walipata jina la bingwa: marubani Randy Cunningham na Steve Ritchie, pamoja na maafisa wa kiti cha nyuma William Driscoll, Charles DeBellevue na Jeffrey Feinstein.

Hapo nako hesabu ilikuwa imebadilishwa. Katika ndege ya watu wawili, nani ametungua? Iliamuliwa kwamba wote wawili wapewe ushindi kamili. Ndipo aliyeongoza orodha ya vita hivyo, DeBellevue mwenye sita, akawa mtu ambaye hakushika usukani. Kama Hester mwaka 2024, kazi yake ilikuwa kuisoma rada na kumwambia rubani adui yuko wapi.

Na Cunningham, aliyepokewa kama shujaa na kuchaguliwa kuwa mbunge, alihukumiwa mwaka 2006 kifungo cha zaidi ya miaka minane kwa kupokea rushwa. Taifa lililomfanya bingwa wa anga kuwa kioo cha maadili liligundua kwamba ustadi na uadilifu ni vitu viwili.

Anga la Afrika Mashariki na Kati

Wasikilizaji wetu hawako mbali na historia hii kama inavyodhaniwa. Sabre zile zile zilizopigana Korea zilifika Congo mwaka 1961, zikirushwa na marubani wa Ethiopia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa wakati wa mgogoro wa Katanga. Mwaka 1977, katika vita vya Ogaden, Ethiopia ilitumia ndege za F-5 za Marekani dhidi ya MiG-21 za Somalia na kulitawala anga. Wakati huo huo shule za Marekani zilikuwa zikitumia F-5 kuigiza MiG-21 katika mazoezi, kwa jinsi zilivyofanana kwa umbo na wepesi. Lililokuwa zoezi California lilikuwa vita halisi juu ya ardhi ya Pembe ya Afrika.

Leo mapambano ya ndege kwa ndege ni nadra katika ukanda wetu, lakini anga halijatulia. Droni zilitumika katika vita vya Tigray. Tangu mwezi Mei mwaka 2025 zilifika hadi Port Sudan, mji uliokuwa kimbilio la waliohama Khartoum. Anayezielekeza hana jina wala picha gazetini, na anayekufa chini yake mara nyingi hana pia.

Gharama, mashine na uamuzi wa kuua

Kwa nini tangu 1972 hakuna bingwa mpya wa aina ya kale? Katika vita vya Ghuba mwaka 1991, adui alitunguliwa mara nyingi kabla ya kuonekana kwa macho, na ndege nyingine za Iraq zilikimbilia Iran. Cesar Rodriguez alipata mbili katika vita hivyo na moja Kosovo mwaka 1999, jumla tatu. Baada ya hapo Marekani haikutungua ndege yenye rubani hadi mwezi Juni mwaka 2017 nchini Syria. Nguvu ya Marekani angani ilikuwa imewaondoa wapinzani, na bila mpinzani hakuna bingwa.

Droni imemrudisha mpinzani, kwa bei nyingine. Kombora la kisasa la kutoka angani hadi angani hugharimu karibu dola milioni moja, na droni aina ya Shahed hukadiriwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Ndege moja hubeba makombora machache, ilhali droni huja kwa makundi. Usiku wa Coffey na Hester ulionyesha jambo ambalo hadithi za mabingwa huficha: unaweza kushinda kila pambano na bado ukaishiwa.

Jibu linalotafutwa Washington ni mashine dhidi ya mashine. Mwezi Agosti mwaka 2020, katika jaribio la kompyuta, programu ya akili mnemba ilimshinda rubani mzoefu wa F-16 mara tano kati ya tano. Mwezi Aprili mwaka 2024 ilitangazwa kwamba ndege halisi, X-62A, ilikuwa imepambana na F-16 angani ikiongozwa na akili mnemba, huku marubani wa usalama wakiwa ndani. Mwezi uliofuata Waziri wa Jeshi la Anga wa wakati huo, Frank Kendall, aliruka ndani yake. Mwaka 2025 ndege mbili zisizo na rubani, zinazokusudiwa kuandamana na ndege za kivita, ziliruka kwa mara ya kwanza.

Kanuni ya wizara ya ulinzi ya Marekani, iliyohuishwa mwezi Januari mwaka 2023, inataka pawepo kiwango kinachofaa cha uamuzi wa binadamu katika matumizi ya nguvu. Neno "kinachofaa" ndilo litakalobishaniwa. Programu inayojifunza kutoka maelfu ya mapambano ya kuigiza haina hofu. Coffey aliacha kurudia shambulio kwa sababu aliihisi ardhi ikimkaribia. Mashine ingepiga hesabu nyingine, pengine bora. Lakini ikikosea na kutungua ndege ya abiria, nani ataulizwa?

Neno na mzigo wake

Sisi tunaotafsiri habari hizi kila siku hukutana na ugumu mdogo wenye maana. Kumbukumbu za Kimarekani huandika "ushindi" pale ndege inapoangushwa. Kiswahili chetu husema "kutungua", neno lile lile la kutungua embe au dafu. Maneno yote mawili yanampisha kando mtu aliyekuwa ndani. Rubani mmoja hakuitwa bingwa ila marubani wengine wasiopungua watano walianguka, au waliokoka kwa parachuti.

Mwaka 2015 Bunge la Marekani liliwatunuku mabingwa wote kwa pamoja Nishani ya Dhahabu. Sheria iliyoidhinisha nishani hiyo inasema kwamba kati ya marubani wa kivita zaidi ya 60,000, waliopata jina hilo hawakufika 1,500. Wamebaki wachache mno. Bud Anderson, mwenye ushindi zaidi ya 16, alifariki mwezi Mei mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 102, wiki tano tu baada ya usiku ule wa droni.

Huenda Marekani ikaamua kuwahesabu waliotungua droni, kama ilivyohesabu maputo ya Frank Luke. Huenda ikakataa. Historia inaonyesha kwamba uamuzi wowote utakaotolewa utasema machache kuhusu marubani na mengi kuhusu wanaohesabu. Lililo zito zaidi ni kwamba hesabu ya kale, pamoja na chumvi yake na ubaguzi wake, ilikuwa na jina la mtu mwishoni. Kila ndege iliyoanguka ilikuwa na aliyeiangusha, na aliweza kusifiwa, kuulizwa au kushtakiwa. Anga linalokuja linaweza kuwa na maangamizi mengi zaidi bila jina hata moja. Wanaoishi chini ya anga hilo, iwe ni Port Sudan, Kyiv au Sanaa, wana haki ya kudai kwamba jina hilo lisifutwe.